Serikali Iliyo Karibu: Halmashauri za Jinja na Mbale Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Maradhi ya mlipuko yanapoingia nchini, macho ya wengi huelekea wizarani na kwa wataalamu wa mji mkuu, lakini maagizo yatolewayo Kampala hutekelezeka au hukwama mikononi mwa halmashauri iliyo karibu na wananchi. Ukweli huo ulidhihirika katika Jinja na Mbale, miji miwili mikubwa ya mashariki mwa Uganda iliyopandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, miezi michache tu baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba korona imekuwa janga la dunia, kwa maana ya ugonjwa wa kuambukiza uliovuka mipaka ya nchi nyingi kwa wakati mmoja. Majiji hayo yalilazimika kuunda ofisi mpya, na papo hapo kuwakinga watu na maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na chanjo. Yaliyojiri huko yanafundisha jambo lenye uzito kwa kila halmashauri ya Afrika Mashariki, nalo ni kwamba kumtunza mtumishi na kumtunza mkazi ni kazi moja, kwa kuwa msaada humfikia mkazi kupitia mtumishi, na mtumishi asiyelindwa hana cha kumlindia mwingine.

Nani hufanya nini

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliweka mabaraza ya ngazi tano, kuanzia kijiji au mtaa, ambao baraza lake huitwa LC1, hadi wilaya, ambayo baraza lake ni LC5, na jiji huhesabiwa kuwa sawa na wilaya. Jiji la Jinja limegawanyika katika tarafa mbili, Kaskazini na Kusini, na la Mbale vilevile lina mbili, ya Kaskazini na ya Viwanda. Huduma za afya nazo hufuata ngazi: hospitali kuu za rufaa za Jinja na Mbale ziko chini ya Wizara ya Afya, ilhali vituo vya afya vya daraja la pili, la tatu na la nne, kama vile kituo cha Walukuba mjini Jinja na cha Namatala mjini Mbale, viko chini ya halmashauri. Chini ya vituo hivyo wapo wahudumu wa afya wa vijiji, wanaojulikana nchini kote kwa kifupisho cha VHT, ambao mpango wao ulianzishwa mwaka 2001 na ambao ni wakazi wa kijiji kilekile wanachokihudumia, wanaojitolea bila mshahara.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alipothibitishwa nchini tarehe 21 Machi 2020, kila wilaya iliunda kikosi kazi chini ya Kamishna Mkazi wa Wilaya, yaani RDC, ambaye huteuliwa na Rais, akishirikiana na viongozi waliochaguliwa, mtendaji mkuu wa halmashauri, mganga mkuu na wakuu wa usalama. Mpangilio huo uliwaweka mezani pamoja mwenye amri, mwenye bajeti na mwenye ujuzi wa tiba, jambo lililoharakisha maamuzi, ijapokuwa ulilundika pia madaraka mengi katika ofisi moja. Magari ya abiria yaliposimamishwa tarehe 25 Machi, na magari binafsi siku chache baadaye, mgonjwa aliyetaka kusafiri kwenda hospitali alihitaji kibali cha RDC, na kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku, saa za kafyu, sharti hilo lilikuwa hatari kwa maisha yake na ya mtoto. Mwezi Aprili Rais aliwaondolea wajawazito sharti hilo, na funzo lililobaki ni kwamba kibali cha dharura kinapaswa kupatikana kwa kiongozi aliye hatua chache kutoka mlangoni, ambaye ni mwenyekiti wa LC1, na si katika ofisi iliyo umbali wa kilomita nyingi, tena isiyofikika pasipo gari.

Sokoni na majumbani

Soko ndipo mahali ambapo maisha ya mkazi na kazi ya halmashauri hukutana kila siku, kwa kuwa halmashauri hulimiliki, hukusanya ushuru wake na huajiri wanaolifagia. Amri ya Machi 2020 ilifunga biashara zisizo za chakula, na wauzaji wa vyakula wakatakiwa kulala sokoni kwa siku 14 ili wasibebe maambukizi kati ya soko na nyumba zao. Amri hiyo ilikuwa ya sentensi chache, lakini utekelezaji wake ulihitaji vyoo vya kutosha, maji yasiyokatika, taa, ulinzi wa usiku na vyandarua, kwa sababu malaria haikusubiri korona ipite. Wengi wa wauzaji hao ni wanawake, na mama anayelala juu ya gunia kando ya meza yake ya nyanya huwa ameacha watoto nyumbani chini ya uangalizi wa jirani au wa binti mkubwa, kwa hiyo halmashauri inayomwamuru alale sokoni hupaswa pia kujua nani amebaki nyumbani kwake na watoto hao watakula nini.

Chakula cha msaada cha serikali kuu, unga na maharage, kilianza kugawiwa Kampala na wilaya jirani ya Wakiso mwezi Aprili 2020, huku miji ya mashariki ikitegemea zaidi michango iliyokusanywa na vikosi kazi kutoka kwa wafanyabiashara, taasisi za dini na watu wenye uwezo. Katika amri ya pili ya kufunga nchi, iliyotangazwa tarehe 18 Juni 2021 kwa siku 42, utaratibu ulibadilika, na familia zilizopoteza kipato katika Kampala, katika majiji mengine na katika manispaa zilitumiwa shilingi 100,000 kila moja kwa njia ya simu kuanzia Julai. Walengwa walikuwa watu wa kazi za kila siku, kama vile madereva wa teksi na wa bodaboda, wachukuzi wa mizigo, wasukuma mikokoteni, wahudumu wa baa na wasusi wa saluni. Majina yaliandikwa mitaani, na hapo ndipo ubora wa LC1 ulipopimwa, kwa sababu mwenyekiti anayewajua watu wake humkumbuka mpangaji wa chumba kimoja aliyehamia mwezi uliopita, mjane asiye na simu, na kijana ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la kaka yake, ilhali orodha iliyoandikwa kwa haraka huwaacha nje watu hao hasa.

Yapo pia mahitaji ambayo fedha peke yake haiyatoshelezi. Wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hawawezi kuruka siku, na usafiri ulipokatika kulikuwa na hatari ya wengi kukosa dozi. TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na lenye vituo katika Jinja na Mbale, lilikuwa limezoea kwa miaka mingi kugawa dawa kupitia vikundi vya wagonjwa karibu na makazi yao, na utaratibu wa namna hiyo, pamoja na ule wa kumpa mgonjwa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, ndio uliofaa zaidi kuigwa. Shule nazo zilifungwa kuanzia Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na katika muda huo maofisa wa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambao ndio wenye dhamana ya watoto na familia, walikuwa tegemeo la wasichana waliodhulumiwa, wakisaidiana na simu ya bure ya 116 iitwayo Sauti.

Mila nazo zilihitaji busara. Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa Imbalu, yaani jando la Bamasaaba, wenyeji wa eneo la Mbale, linalofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambapo vijana waliovaa njuga huzunguka na umati wa wachezaji kutoka kwa ndugu mmoja hadi mwingine kwa siku kadhaa kabla ya kutahiriwa hadharani. Ngoma hiyo hukusanya koo nzima katika uwanja mmoja, kwa hiyo iligongana moja kwa moja na katazo la mikusanyiko. Katika hali kama hiyo polisi wanaweza kutawanya watu, lakini ni wazee wa koo na uongozi wa kimila, Inzu ya Masaaba, wanaoweza kumshawishi mzazi kwamba heshima ya mwanawe haitapungua shughuli ikifanywa na watu wachache, na ndiyo maana halmashauri yenye hekima huwaita wazee kabla ya kuwaita polisi.

Mtumishi naye ni mtu

Watumishi wa halmashauri wanaokabiliwa na maambukizi ni wengi kuliko madaktari na wauguzi, kwani wamo wafagiaji wa barabara, wazoa taka wa sokoni, madereva wa gari la wagonjwa, wakaguzi wa afya, wazikaji na wahudumu wa VHT. Hawa wa mwisho wanastahili kutazamwa kwa karibu. Mgonjwa wa korona alipotibiwa nyumbani, VHT ndiye aliyepaswa kumtembelea, kusimama nje ya mlango, kuuliza kuhusu pumzi na homa, kuandika katika daftari na kupiga simu kituoni hali ikizidi kuwa mbaya, na kazi hiyo humdai barakoa mpya, sabuni, muda wa maongezi, mwavuli na buti za mpira kwa msimu wa mvua. Vifaa hivyo ni vya bei ndogo, lakini kukosekana kwake humfanya asimamishe ziara, na ziara zikisimama halmashauri haijui tena nani anaumwa wapi.

Ulinzi wa mtumishi hauishii kwenye vifaa. Anayetoka wodini hurudi katika nyumba yenye wazee na watoto, hivyo huhitaji mahali pa kulala anapokuwa karantini, na familia yake huhitaji chakula katika siku hizo. Baadhi ya majirani huikwepa familia ya mhudumu wa afya, na hapo neno la mwenyekiti wa mtaa, imamu au mchungaji huwa na nguvu kuliko tangazo la redio. Chanjo ilipoanza kutolewa tarehe 10 Machi 2021, wahudumu wa afya waliwekwa mbele, wakifuatwa na makundi kama walimu na watumishi wa usalama, utaratibu uliotambua kwamba kumkinga mmoja wao ni kuwakinga wengi wanaopita mikononi mwake.

Fedha, na mlipuko mwingine

Ugumu mkubwa wa halmashauri ni kwamba janga huongeza matumizi na kukausha mapato kwa wakati mmoja. Tangu kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005, mapato ya ndani ya majiji na wilaya yametegemea ushuru wa masoko, ada za stendi za teksi, leseni za biashara na kodi za majengo. Teksi ziliporuhusiwa tena tarehe 4 Juni 2020 zilibeba nusu ya abiria, na bodaboda zilisubiri hadi tarehe 27 Julai, hivyo kwa miezi kadhaa chemchemi hizo zilikuwa zimekauka, na halmashauri ikabaki ikingojea mgao wa serikali kuu. Katika jimbo la Kerala nchini India, serikali za vijiji ziliweza mwaka huohuo kufungua majiko ya jamii kwa haraka, kwa sababu vikundi vya akina mama vya Kudumbashree vilikuwa vimejengwa kwa zaidi ya miaka 20, na mfano huo waonyesha kwamba uwezo wa siku ya shida hujengwa siku za utulivu.

Haja ya maandalizi hayo haikuisha na korona. Mlipuko wa Ebola aina ya Sudan uliotangazwa Septemba 2022 katika wilaya ya Mubende ulifika Jinja mwezi Novemba, na kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023 ulikuwa umewapata watu 142 waliothibitishwa, 55 kati yao wakafariki. Tarehe 30 Januari 2025 Ebola hiyohiyo ilitangazwa tena, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, muuguzi wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alikuwa amewahi kutafuta tiba katika hospitali ya rufaa ya Mbale. Mtu aliyekutana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21, na mfuatiliaji hurudi mlangoni kwake kila siku, kazi ambayo haiwezekani bila mtumishi wa mtaani anayeaminiwa na kuwezeshwa.

Kila halmashauri ya Uganda hufanya mkutano wa bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na tangu mwaka 2009 kuna pia mikutano ya hadhara iitwayo baraza, ambapo watumishi hutoa hesabu ya huduma mbele ya wananchi. Humo ndimo wakazi wa Walukuba na Masese mjini Jinja, na wa Namatala mjini Mbale, wanapopaswa kuuliza kama kuna akiba ya dharura, kama daftari la kaya za mtaa limesahihishwa mwaka huu, kama VHT wao ana buti, barakoa na posho ya uhakika, na kama mzikaji na mfagiaji wamo katika mpango wa kinga. Halmashauri inayoweza kujibu maswali hayo wakati hakuna mgonjwa hata mmoja ndiyo itakayoweza kuwasimamia watu wake mlipuko ujao utakapobisha hodi.