Reli ya Mwingereza, vichwa vya Mmarekani

Niko Shieywe, mjini Kakamega, ambako reli haijafika. Iliyo karibu huishia Butere. Wazee wakisikia natoka Mombasa huanza habari za gari la moshi, na wote huiita reli ya Mwingereza. Pesa na amri zilikuwa zake, kweli. Lakini mizigo ilivutwa na nani?

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901. Kazi ikiwa katikati, vichwa vya treni havikutosha. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vimesimamishwa na mvutano wa mafundi na matajiri wao, 1897 hadi 1898, na maagizo yakarundikana. Basi vikaagizwa vichwa 36 kutoka kiwanda cha Baldwin, Philadelphia, Marekani, vikaingia kazini 1899 na 1900.

Vilikuwa na magurudumu 2 madogo mbele, ya kukiongoza kichwa kwenye kona, kisha 6 makubwa ya kuvuta, yaliyounganishwa kwa vyuma. Uzito mwingi hukaa juu ya hayo 6, ndiyo maana yanashika reli bila kuteleza. Kwa mlima wa kutoka pwani hadi bara, hilo si jambo dogo.

Watoto wetu husoma kuhusu simba wa Tsavo (nani asiyewajua?) lakini si kuhusu Baldwin. Hata madaraja marefu ya chuma ya Mau, ambayo treni ilipita ikiteremka Kisumu, yalijengwa na kampuni ya Marekani.