Balbu mbili zatosha: bustani ya majini katika nchi ya chai

Anayetaka kufuga samaki wa mapambo pamoja na mimea hai sebuleni, awe Kericho mjini, Litein au Silibwet, mara nyingi huvunjwa moyo na bei ya taa. Taa zilizoundwa mahususi kwa matangi ya samaki huagizwa kutoka nje, na moja yaweza kumgharimu mtu kuliko tangi lenyewe. Wengi huishia kuweka mimea ya plastiki. Ni hasara isiyo na sababu. Mmea wa majini unahitaji mwanga wa kiasi fulani kwa saa kadhaa kila siku, na mwanga huo unauzwa kwenye maduka ya hadwea kuanzia Kapsoit hadi Bomet.

Shika boksi la balbu ya kawaida ya LED usome ubavuni: 9W, 806 lm, 6500K. Wanunuzi wengi hutazama wati tu, ilhali wati ni stima inayoliwa. Mwanga unaotoka ni hiyo lm, yaani lumeni. Nambari yenye K inaeleza rangi: 6500K ni mwanga mweupe unaokaribia ule wa adhuhuri, 3000K ni wa manjano. Mimea hukua chini ya zote mbili, ila ile nyeupe hufanya maji yaonekane safi na majani yang'ae. Taa za zambarau zinazosifiwa kwa kukuza mimea achana nazo. Sebule nzima itageuka rangi, na mmea hautapata lolote la ziada linalostahili gharama hiyo.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 lina ujazo wa lita 65 hivi, na ukishaweka changarawe na mawe hubaki maji ya lita 55 au karibu. Wafugaji hukadiria lumeni 15 hadi 25 kwa kila lita iwapo mimea ni ile isiyo na makuu. Balbu mbili za wati 9 zinatoa lumeni 1,612. Sehemu ya mwanga huo itapotea juu na pembeni, na bado kitakachofika majini kinatosha. Ili kupunguza upotevu, mwombe seremala akutengenezee kifuniko cha mbao, ndani kipakwe rangi nyeupe, balbu zilale humo. Au nunua ile taa bapa ya kumulika uani, ya wati 20, iliyoandikwa IP65. Hiyo huelekeza mwanga upande mmoja na imezibwa isiingize maji.

Kosa linaloharibu matangi mengi ni mwanga kupita kiasi, na hapa mkulima wa chai ana ujuzi tayari. Mashamba makubwa ya Kericho yalipoanza kupandwa miaka ya 1920, chai ilipandwa chini ya miti ya kivuli kwa kufuata desturi ya India. Baadaye watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Kericho mwaka 1951, walionyesha kuwa katika nyanda hizi za juu kivuli hupunguza mavuno, hasa pale penye mbolea ya kutosha. Miti mingi ikaondolewa. Lakini chai iliyoachwa wazi juani hudai mbolea zaidi, na mwenye shamba akiipuuza hali hiyo, majani hugeuka manjano. Mwanga huongeza njaa ya mmea.

Ndani ya tangi ni vivyo hivyo. Mwanafunzi yeyote wa biolojia wa sekondari amewahi kuweka tawi la mmea wa majini ndani ya bika na kuhesabu viputo vya oksijeni. Ukisogeza taa karibu, viputo vinaongezeka, mkufu mwembamba ukipanda kutoka mahali shina lilipokatwa. Ukiendelea kuisogeza, inafika hatua havizidi tena, kwa kuwa kaboni dioksidi iliyo majini imekuwa haba. Mwanga unaobaki bila kutumika haupotei bure: mwani huutumia. Kioo hupata utando wa kijani na majani huota nyuzi. Ndiyo maana anayenunua taa kali hulazimika kununua pia mtungi wa gesi ya kaboni na mbolea za maji. Asiyetaka gharama hizo apunguze mwanga, mambo yakae sawa.

Saa saba kwa siku zinatosha. Mimi hupendelea kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu usiku, wakati watoto wametoka shule na watu wazima wamerudi kutoka kazini au shambani, maana tangi linalowaka nyumba ikiwa tupu halimfurahishi mtu. Soketi yenye taima itawasha taa na kuizima bila kusahau. Mvua ya mawe ya alasiri ikija na stima ikapotea, usijaribu kufidia saa zilizopotea usiku wa manane. Mimea hii huvumilia siku mbili tatu za giza. Na tangi lisikae dirishani, kwani jua la asubuhi la Ikweta ni kali kuliko balbu yoyote ya dukani.

Hesabu ya tokeni itamshangaza mgeni. Wati 18 kwa saa saba, siku thelathini, hazifiki uniti 4. Tuseme uniti ni shilingi 30: hiyo ni kama shilingi 115 kwa mwezi. Kinachokula pesa huku ni baridi. Hita ya wati 100 ikifanya kazi nusu ya siku inameza uniti 36, yaani shilingi 1,080. Kwa nyumba iliyo mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari, afadhali uchague samaki wanaopenda ubaridi, kama wale wadogo wenye asili ya Mlima Baiyun kusini mwa China, wanaostawi katika nyuzi 16 hadi 22. Maji baridi pia hupunguza kasi ya mimea, hivyo mwanga mdogo unafaa zaidi.

Mimea yenyewe ni anubiasi ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na jimbi la Java. Yote ifungwe kwa uzi juu ya jiwe au gogo, kwa sababu mashina yake yakizikwa huoza. Kwa usalama, waya wa taa uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye stima, na kabla ya kutia mkono majini zima kila kitu.

Ukiongeza Ceratophyllum, mmea usio na mizizi unaopatikana pia katika Ziwa Victoria na Naivasha, utalazimika kuukata kila baada ya wiki chache. Vipande vitupwe kwenye shimo la mbolea, si mtoni. Mito ya Kipsonoi na Kiptiget huishia Ziwa Victoria kupitia Sondu, nao Nyangores wa Bomet huingia Mara, na wavuvi wa Kisumu wamehangaika na magugu maji tangu miaka ya 1990.