Kato moja: Kipimo kilichowapa wakulima wa koka haki ya kulima

KOKA imelimwa katika milima ya Andes kwa maelfu ya miaka. Waaymara na Waquechua wa Bolivia hutafuna majani yake kupunguza njaa na uchovu, huyanywa kama chai na kuyatumia katika matambiko. Lakini majani hayo ndiyo pia malighafi ya kokeini. Kwa sababu hiyo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 uliyaweka katika orodha moja na kokeini yenyewe.

Mwaka 1988, Sheria namba 1008 ya Bolivia ilitambua hekta 12,000 tu za matumizi ya jadi, hasa eneo la Yungas. Huko Chapare askari waling'oa mimea mashambani, na operesheni hiyo ilipamba moto kuanzia mwaka 1998. Wakulima walihimizwa kupanda ndizi na mananasi. Tatizo likawa soko: matunda huoza njiani, ilhali koka huvunwa mara tatu au zaidi kwa mwaka, hukaushwa, na gunia lake ni jepesi kusafirisha.

Vyama vya wakulima vilifunga barabara. Katika mapambano, wakulima na askari walipoteza maisha. Hatimaye, mwaka 2004, serikali ya Carlos Mesa ilikubali kila familia ya Chapare ilime kato moja, yaani mita za mraba 1,600, pungufu ya nusu ekari.

Evo Morales, kiongozi wa vyama hivyo, alipokuwa rais mwaka 2006, ulinzi wa kipimo hicho ulikabidhiwa kwa wakulima wenyewe. Anayezidisha hung'olewa ziada na chama chake humchukulia hatua. Faida yake ni mbili: askari hawana sababu ya kuvamia shamba, na mzigo ukipungua sokoni bei hushikilia.

Katiba ya mwaka 2009 iliitambua koka kuwa urithi wa taifa. Mwaka 2013 Bolivia ilirejea katika mkataba iliokuwa imejitoa, safari hii ikibakiza haki ya kutafuna koka nchini mwake. Sheria ya mwaka 2017 ikaongeza eneo hadi hekta 22,000.

Hata hivyo, sehemu ya majani bado huishia kwa walanguzi, na wakulima wa Yungas walilalamikia mgao waliopewa wenzao wa Chapare. Aidha, mkataba wa 1961 bado unafunga soko la nje. Mkulima ameruhusiwa kulima, lakini mnunuzi wake halali amebaki ndani ya mipaka.