Degedege: neno unalopaswa kulitaja ukifika hospitali

Mama mmoja alitoka Ulaya, ile Ulaya yetu iliyo njiani kati ya Kilosa na Mikumi, na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Nilipouliza mtoto anaumwa nini alijibu, "Homa tu, daktari." Nikauliza usiku ulikuwaje. Bibi aliyewasindikiza akainamisha kichwa. Mtoto alikuwa amekakamaa mara tatu, macho yamegeuka juu. Neno degedege hawakulitaja kwa kuogopa tungemchoma sindano.

Mzazi, huenda nawe umeonywa hivyo. Degedege ni jina la mdudu pia, nondo arukaye usiku, na wazee walisema akimpitia mtoto ndipo mtoto hushtuka. Basi ugonjwa ukawa "si wa hospitali", mtoto akafukizwa kinyesi cha tembo, ambacho jirani na Hifadhi ya Mikumi si kitu cha kutafuta mbali. Siwacheki wazee. Mtoto akifikishwa siku ya tatu hajitambui, akachomwa sindano na kufariki, watu huikumbuka sindano.

Sisi madaktari tukisema degedege tunataja dalili: mwili kukakamaa na kutikisika, fahamu kupotea. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 homa yenyewe inaweza kuileta, na mara nyingi hupita kwa dakika chache bila madhara. Lakini inaweza kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka au kifafa. Kwa macho tu hata mimi siwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana tunamtoboa kidole na kupima.

Na sindano? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100. Waliochomwa artesuneti, kati ya 8 na 9. Sindano hiyo ndiyo tunayotumia sasa.

Degedege ikianza, mlaze mtoto kiubavu, legeza nguo, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, usimmwagie maji. Ikizidi dakika 5, ikijirudia, au asipozinduka, ni dharura. Hata ikikoma, mpeleke siku hiyohiyo. Zahanati ikimwekea artesuneti kwa njia ya haja kubwa na kumpa rufaa, nenda, hata kama ameamka na anataka uji. Dawa ile ni ya kumfikisha hospitali tu, haimalizi tiba.

Na ukifika mlangoni sema, "Mwanangu amepata degedege." Yule mtoto wa Ulaya alikuwa na malaria, na sukari imeshuka vibaya. Alipona. Lakini kabla ya kunifikia alikaa kwenye foleni karibu saa nzima, kwa kuwa mapokezi nao waliambiwa ni homa tu.