Croissant ya Buruburu: lipa kwa till, soma jina, kula kwa amani

Ukisikia "bekari ya Kifaransa," wengi wetu tunafikiria Westlands ama Karen, mahali unaangalia bei kwanza halafu unatafuta mlango wa kutokea. Lakini Eastlands nayo imeamka. Siku hizi, katikati ya kinyozi, duka la M-Pesa na mama wa chapati, unaweza kupata kijiduka chenye oveni moja na foleni ya watu wanaoenda job.

Wiki hii tulitembelea kimoja pale Buruburu, karibu na Mumias South Road. Mwenyewe aliwahi kupika kwenye jikoni ya hoteli mjini, kisha akaamua kuja kuokea majirani zake. Alituomba tusitaje jina la duka, kwa sababu alituambia mambo ya pesa zake bila kuficha. Na hizo pesa ndizo zimetufanya tuandike.

Mbona hii ni 150 na mandazi ni ten bob?

Swali hilo anaulizwa kila siku, na jibu lake liko kwenye mikono.

Kama umewahi kupika chapati laini, unajua siri yake: unasukuma, unapaka mafuta, unakunja, unasukuma tena. Croissant inafuata wazo hilo hilo, ila mafuta ni siagi na kazi ni ndefu zaidi. Donge la unga na chachu linafunika bamba la siagi baridi. Linasukumwa, linakunjwa mara tatu kama barua, linarudi kwenye friji kupumzika. Hivyo mara tatu. Tatu mara tatu mara tatu, umefika tabaka 27 za siagi.

Friji ni lazima, kwa sababu siagi ikiyeyuka inaingia ndani ya unga na tabaka zinapotea. Stima ikienda usiku, kazi ya jana imeenda nayo. Ndani ya oveni, maji yaliyo kwenye siagi yanageuka mvuke na kuinua kila tabaka. Ndiyo maana ukiuma, inavunjika vipande vipande na kukuachia makombo kwa shati.

Na usidhani Wafaransa walizaliwa nayo. Mtindo huu wa kuoka ulifika Paris kutoka Vienna, pale August Zang alipofungua bekari yake mwishoni mwa miaka ya 1830. Wafaransa wakauchukua, wakaubadilisha, ukawa wao. Sisi pia tumefanya hivyo: chapati ilitoka India, na leo hakuna Krismasi ya Eastlands bila chapati.

Hesabu ya trei moja

Hapa ndipo tulikaa kimya kidogo. Trei moja ina croissant 24. Kwa 150 kila moja, hiyo ni shilingi 3,600. Ukitoa siagi, unga, stima, kodi na msichana anayemsaidia, kila moja imemgharimu kama 100. Faida ya trei nzima ni 1,200.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja foleni ikiwa ndefu, mteja alichukua croissant nane, akamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake mwenyewe: 1,200, jina la duka, kila kitu. Akafungiwa, akaenda. Jioni kupiga hesabu, pesa hiyo haikuwa imeingia. Ujumbe ulikuwa wa kutengenezwa.

Nane zimeenda bure, zimebaki 16. Mara 150, ni 2,400. Na kuoka zote 24 kulimgharimu 2,400. Siku mbili za kukunja siagi, faida sufuri.

"Sikulia kwa sababu ya pesa," alituambia. "Nililia kwa sababu nilikuwa nimemwambia karibu tena."

Siku hizi simu ya duka iko juu ya kaunta, na hafungi chochote kabla ujumbe haujaingia kwa simu hiyo. Tulipokuwa pale, kijana mmoja alishaanza kunyoosha mkono. "Auntie, si nimelipa?" Akajibiwa kwa upole, "Ngoja kidogo mwanangu, iingie." Sekunde chache, ikaingia. Hakuna aliyekasirika.

Wewe kama mteja, fanya hivi

*Lipa kwa till, si kwa namba ya mtu.* Ukilipia till ya Lipa na M-Pesa, wewe mnunuzi hukatwi kitu. Ukituma kwa namba ya simu, kwa bei za M-Pesa zilizoanza Julai 2023, kiasi cha 101 hadi 500 kinakatwa shilingi 7. Inaonekana ndogo, lakini ukinunua kiamsha kinywa siku 26 kwa mwezi, hizo ni 182. Croissant moja na chenji.

*Soma jina kabla malipo hayajakamilika.* Namba moja ikikosewa, pesa inaenda kwa duka la watu wengine. Jina likitokea na si la bekari, simama hapo. Na kama kibandiko cha till kimebandikwa juu ya kingine, uliza mwenye duka.

*Ukituma kwa namba isiyo sahihi, usilale.* Kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa malipo kama ulivyo kwa 456. Haraka ni muhimu, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa, kuirudisha inakuwa ngumu.

*Uko Airtel Money ama T-Kash? Uliza tu.* Tangu Aprili 2022, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza kwamba mitandao imeunganishwa kwenye malipo ya biashara, huhitaji laini ya pili ili ulipie till ya mtandao mwingine.

*Keki ya birthday?* Lipa sehemu kwanza, malizia ukiiona. Usifute ujumbe wa malipo ya kwanza. Hiyo ndiyo risiti yako.

*Ukiambiwa ungoje, ngoja.* Si kwamba unashukiwa. Muuzaji analinda trei yake.

Mkate na simu ni maisha ya kila siku

Mnakumbuka Juni 2024? Mswada wa Fedha ulikuwa umependekeza ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa mkate, na ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu upande kutoka asilimia 15 hadi 20. Mapendekezo yote mawili yaliondolewa, kisha mswada wenyewe ukarudishwa. Kelele zile zilituonyesha kitu: mkate na kutuma pesa vikipanda, kila nyumba inahisi.

Biashara ndogo za mtaa zinaishi kwa shilingi hamsini hamsini. Ukilipa sawasawa na kungoja sekunde chache, umechangia duka hilo lifungue tena kesho asubuhi.

Je, kuna bekari ndogo mtaani kwenu, Umoja, Donholm, Kayole ama Jericho, ambayo tunafaa kuitembelea? Tuambie. Tutakuja na njaa.