UNGUJA HADI DAR ES SALAAM: JE, MSAFIRI ATAPUNGUZA SALA?



Kila likizo wanafunzi wetu wengi huvuka bahari kwenda Dar es Salaam kutembelea jamaa, na kila likizo suala huwa hilo hilo: nikifika kwa ami yangu, Adhuhuri niisali rakaa mbili au nne? Wengine huongeza: ndege siku hizi ni dakika 20 tu, hiyo nayo ni safari?

Tuanze na masafa. Baina ya mji wa Unguja na Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni kiasi cha kilomita 73. Boti ziendazo kasi huchukua karibu saa mbili. Jahazi, upepo ukikataa, huweza kulala baharini. Ndege ni kama dakika 20, na nyingi katika hizo ni za kupanda na kushuka. Ukihesabu na kungoja uwanjani, utaona boti haikuachwa mbali sana.

Ruhusa ya kupunguza Sala asili yake ni Suratun Nisaa, aya ya 101. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyasoma madrasani, safari isiwe chini ya marhala mbili, na marhala moja ni mwendo wa siku wa ngamia waliobeba mizigo. Hizo ni farsakh 16, yaani maili 48 za kale. Wanazuoni wa zama hizi waliozigeuza hawakupata idadi moja: wapo waliosema kilomita 81, na wapo waliofika 89 hivi. Kwa hesabu yoyote katika hizo, kilomita 73 hazifiki. Basi mtu wa mjini ambaye safari yake inaishia Dar es Salaam atasali rakaa nne, hata kama jahazi limemlaza baharini na mawimbi yamemtapisha. Wala hawezi kujumlisha kwenda na kurudi. Huhesabiwa kwenda tu.

Lakini mwanafunzi wa Nungwi ana hukumu nyingine. Kutoka kwao hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 120, basi yeye hupunguza. Kadhalika anayekwenda Pemba kwa ndege kutoka mjini: ni kiasi cha kilomita 125, na huruka nusu saa tu. Kinachopimwa ni masafa, si saa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mwenye kuzimaliza maili hizo baharini kwa saa moja hupunguza vile vile. Ndege hakuijua, lakini jawabu lake limeifikia.

Na aliyetoka Unguja kwa nia ya kwenda Morogoro hupunguza tangu anapouacha mji wake, na hata akiwa Dar es Salaam njiani, maadamu hakunuia kukaa hapo siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Zinazopunguzwa ni Adhuhuri, Alasiri na Isha. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili, popote alipo.

Wapo wanazuoni wengine, akiwemo Ibn Taymiyya, waliosema safari ni ile ambayo watu kwa ada yao huiita safari, bila ya kuweka maili. Kwa hiyo ukimwona mwenzio amesali mbili huko Dar es Salaam, muulize kwanza anafuata kauli ipi, na anatoka kijiji gani.