Ukaguzi wa Hiari wa Malori: Maelezo kwa Madereva

Maduka ya Galerie d'Ixelles na mtaa wa Matonge hutegemea bidhaa zinazoletwa kwa magari. Breki ikishindwa kwenye njia iliyojaa watu kama Chaussée de Wavre, wa kwanza kuumia ni mpita njia.

Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2014/47, linalotumika tangu Mei 2018, linaruhusu malori yanayozidi tani 3.5 kukaguliwa barabarani. Mkaguzi hutazama hati na hali ya gari. Akiwa na shaka, hupima breki, matairi na usukani kwa kina. Haruhusiwi kumbagua dereva kwa uraia wake.

Agizo hilo linatambua pia ukaguzi wa hiari. Matokeo yake mazuri yanaweza kuzingatiwa ili kampuni ihesabiwe kuwa na hatari ndogo. Kampuni zenye hatari kubwa ndizo zinazolengwa zaidi barabarani.

Kwa hiyo, dereva anashauriwa:
- kuangalia breki, matairi na taa kabla ya safari;
- kuchukua cheti cha ukaguzi na ripoti ya ukaguzi wa mwisho wa barabarani;
- kumweleza mwajiri kila kasoro mapema, na kumshauri alipeleke gari kwenye ukaguzi wa hiari.

Kasoro kubwa sharti irekebishwe kabla gari halijaendelea kutumika. Kinga ni bora kuliko tiba.